Matundu Madogo, Kazi Ile Ile

Swali la kwanza ninaloulizwa kliniki na mwenye saratani ya tumbo, yaani ya mfuko wa chakula, atakayepasuliwa kwa kamera ni matundu yatakuwa mangapi. Kwa kawaida matano, kila moja sentimita moja hivi au pungufu. La kitovuni hupanuliwa mwishoni hadi sentimita nne au tano, kipande cha mfuko wa chakula kitolewe kikiwa ndani ya kifuko. Hapo mgonjwa hupumua, akidhani na upasuaji wenyewe ni mdogo. Sivyo.

Ndani kazi ni ile ile ya kupasua tumbo kwa mkato mrefu. Tunajaza tumbo gesi ya kaboni dayoksaidi hadi litune, tunapitisha kamera, na muda mwingi unaishia kwenye tezi za limfu, ambako saratani hupitia ikisambaa, kuliko kwenye uvimbe. Tezi hizo zimejibanza katika mafuta yanayozunguka mishipa ya damu, juu tu ya kongosho. Nikifika hapo huwa sisemi na mtu. Kongosho likikandamizwa na chombo, hata bila kukatwa, linaweza kuvuja majimaji siku zinazofuata. Maabara nayo inatakiwa ihesabu tezi zisizopungua 15 au 16. Pungufu ya hapo, hatujui kwa uhakika saratani imefika wapi. Ningekuwa mgonjwa, ningeulizia idadi hiyo kwanza.

Kwa saratani iliyokwisha zama kwenye ukuta wa mfuko wa chakula, utafiti wa China uitwao CLASS-01, uliochapishwa 2019, ulionyesha kuwa baada ya miaka mitatu matokeo ya matundu madogo hayakuwa duni kuliko ya kufungua tumbo. Lakini wapasuaji wake walikuwa wazoefu.

Tunachokosa ni vidole. Uvimbe mchanga ningeupapasa. Kwenye skrini, ukuta wa nje unaonekana mzima kabisa. Ndiyo maana kabla ya upasuaji tunapitisha endoskopi, mrija wenye kamera, mdomoni na kuweka alama ya wino au vibanio, tujue pa kukatia.

Kuna siku kamera inaonyesha vipunje vyeupe kwenye utando wa tumbo, ambavyo CT skani haikuviona. Nachukua kipande kidogo cha kupimwa, nafunga. Ndugu huniuliza mbona mmewahi kumaliza, na inabidi nikae nao chini: saratani imekwisha sambaa, kukata mfuko hakutaondoa vile vipunje, tunaanza na dawa.

Na ukiamka bega linauma kuliko tumbo, usishtuke. Gesi iliyobaki inakera kiwambo, msuli unaotenganisha kifua na tumbo, na ubongo unayasikia maumivu hayo begani. Siku mbili tatu yanaisha.