Sikio halizoei kelele: majibu kwa wanaotoboa na kubadili ekzosi za pikipiki

Kliniki yetu ya masikio huwapokea madereva wa bodaboda, wabeba vifurushi na wapenda safari ndefu za pikipiki. Wengi wanakuja wakiwa wamechelewa, tena wameletwa na mke au mama aliyechoka kurudia kila neno mara tatu. Wakishakaa kwenye kiti wanauliza maswali haya.

Kelele inaharibu nini hasa?

Ndani kabisa ya sikio kuna kiungo kidogo kilichojikunja kama konokono, kimejaa majimaji na seli zenye vinyweleo, takribani 15,000 kwa kila sikio. Seli hizo ndizo zinazopeleka habari ya sauti kwenye ubongo. Kelele kubwa huzichosha, na ikirudiwarudiwa huziua. Kwa binadamu hazioti tena. Hakuna sindano ya kuzirudisha, wala matone, wala mzizi wa kuchemsha.

Mimi nina miaka kwenye pikipiki, kelele nimeshaizoea. Bado kuna shida?

Hujaizoea. Hili nalisema karibu kila siku ya kliniki na nitaendelea kulisema: sikio halizoei kelele. Ngozi ya kiganja huota sugu ukishika jembe, lakini sikio halina sugu. Ukiona ekzosi iliyokuwa ikikukera mwaka juzi sasa haikukeri, huenda baadhi ya seli za kuisikia zimeshakufa. Unachokiita kuzoea huenda ndicho ugonjwa wenyewe, na hapo ulipaswa kuwa umeshapimwa.

Nikimaliza safari masikio yanapiga filimbi, lakini asubuhi yametulia. Si yamepona?

Yametulia, hayajapona. Ule mlio, na ile hali ya kusikia kama umejaziwa pamba masikioni, ni dalili kwamba seli zimeumia. Baadhi huinuka baada ya saa kadhaa, nyingine hazirudi. Kesho unaziumiza tena, na keshokutwa. Siku moja mlio hautaondoka, utalala nao na kuamka nao. Tunao wagonjwa wasiolala bila redio kwa sababu chumba kikiwa kimya filimbi inazidi. Wote hao walianza na mlio unaoisha asubuhi.

Kelele ikifika kiasi gani inadhuru?

Kiwango kinachotumika sana kazini ni desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 85 kwa saa nane. Kila desibeli 3 zinapoongezeka, muda salama unakatwa nusu: 88 ni saa nne, 91 saa mbili, 94 saa moja, 97 nusu saa, na 100 ni dakika 15 tu. Ekzosi iliyotobolewa, ukisimama karibu nayo dereva akivuta mafuta, huvuka 100 bila taabu. Huna kifaa cha kupimia? Kama mtu aliye umbali wa mkono lazima apaaze sauti ndipo umsikie, kelele hiyo ni ya hatari.

Kelele ya safari ndefu inatoka kwenye ekzosi au kwenye upepo?

Kote kuwili, na hapa wengi wanajidanganya. Mjini, ukienda taratibu, ekzosi ndiyo mkosaji mkubwa. Ukishatoka Kibaha na kukolea mwendo, upepo unaozunguka helmeti unachukua nafasi. Vipimo vilivyofanywa Uingereza vilikuta kelele ndani ya helmeti ikifika karibu desibeli 90 kwenye mwendo wa kilomita 60 kwa saa, na ikipanda hadi takribani 110 kwenye 160. Sasa piga hesabu: Dar es Salaam hadi Morogoro ni kama kilomita 190. Hata pikipiki yenye ekzosi ya kiwandani, kwa mwendo wa 80, itakuwa imemaliza muda wako salama kabla hujafika Chalinze, karibu katikati ya safari hiyo. Ukiongeza bomba la kupiga kelele, unadhurika kwenye lami na unadhurika kwenye foleni pia.

Nataka kubadili ekzosi. Nichague ipi?

Kama ya kiwandani ni nzima, iache. Ndani yake kuna vyumba vinavyoirudisha sauti na kuivunja kabla haijatoka. Ikiwa imeoza kwa kutu na lazima ununue nyingine, tafuta yenye vyumba kama hivyo, iliyotengenezwa kwa ajili ya pikipiki yako, yenye muhuri wa kukubaliwa kiwango cha kelele uliogongwa kwenye bati lenyewe. Stika haina maana, huchapishwa popote.

Zile za mbio, zenye bomba lililonyooka katikati na sufi ya kunyonya sauti pembeni, zina hila yake: sufi inaungua kidogo kidogo, kwa hiyo bomba ulilolinunua likiwa na sauti ya kuvumilika huzidi kupiga kelele kadiri siku zinavyokwenda. Sufi lazima ibadilishwe. Nyingi pia huja na kizibo kidogo cha kupunguza sauti mdomoni mwa bomba, kimefungwa kwa skrubu. Ndicho kitu cha kwanza vijana wanachokitoa. Kiache! Mwambie fundi aangalie pia gasketi pale bomba linapoungana na injini, maana inayovuja hupiga makelele kuliko unavyodhani.

Fundi anasema nikitoboa nitapata nguvu zaidi.

Kwenye injini ya cc 125 au 150, unachopata kwa hakika ni sauti. Yenye kabureta isiyorekebishwa inaweza hata kukosa uwiano wa mafuta na hewa, ikachemka na kupiga risasi kwenye bomba. Hayo muulize fundi asiyekuuzia ekzosi.

Lakini kelele inaniokoa. Madereva wa magari wananisikia.

Mdomo wa bomba unatazama nyuma. Anayekusikia vizuri ni uliyeshampita, na mama mwenye kichanga aliyelala nyumba ya barabarani. Dereva wa lori aliyeko mbele, vioo vimefungwa na muziki unapiga, anakusikia ukiwa tayari ubavuni mwake. Taa ya mbele inayowaka na kizibao kinachong'aa vinakusaidia zaidi.

Helmeti haitoshi? Na pamba je?

Helmeti inalinda kichwa, na usiivue kwa sababu ya makala hii. Kelele haizuii kiasi cha kutosha, na ile iliyolegea au isiyo na kioo huizidisha. Funga kioo, na ziba uwazi wa shingoni kwa skafu, upepo utapungua kuvuma. Pamba ni karibu sawa na bure.

Kinachofaa ni vizibo vya masikio vya sponji. Vinapatikana kwenye maduka ya vifaa vya usalama kazini na baadhi ya maduka ya dawa, kwa bei ndogo kuliko hilo bomba. Kiviringe kwa vidole safi mpaka kiwe chembamba, pitisha mkono mwingine juu ya kichwa uvute sikio juu na nyuma, kiingize, kisha kishikilie kama nusu dakika kivimbe. Kikichungulia nje hakijaingia. Kikichafuka tupa.

Nikiziba masikio si nitagongwa?

Vizibo vinapunguza sauti, haviifuti. Vikikata ule uvumaji wa upepo, honi na ving'ora hujitokeza vizuri zaidi. Kinachokufanya usisikie honi ni uziwi wenyewe. Ni kweli hata hivyo kwamba spika za masikioni hazifai badala yake: unapandisha muziki ushinde upepo, na sasa una kelele mbili.

Nimbebe mtoto mbele, kwenye tangi?

Hapana. Kwa sababu za ajali kwanza, kisha masikio, maana yeye hawezi kukwambia kwamba yanalia.

Nitajuaje kama nimeanza kupoteza usikivu?

Hutajua mapema, ndiyo sababu ya kupimwa. Hasara huanzia kwenye sauti nyembamba, karibu hezi 4,000, kwa hiyo injini unaisikia, honi unaisikia, lakini herufi kama s, f na sh zinapotea, na sauti za watoto na wanawake zinakuwa kama za mtu anayenong'ona. Utaanza kulalamika kwamba abiria wa siku hizi hawaongei vizuri. Abiria wote wanaongea vizuri.

Kipimo hakiumi: unavaa spika, unabonyeza kitufe kila usikiapo mlio. Anayeendesha kila siku apime kila mwaka. Idara za masikio zipo kwenye hospitali za Muhimbili (Dar es Salaam), KCMC (Moshi) na Bugando (Mwanza), na hospitali yako ya mkoa itakuelekeza pa kwenda.

Mzee wangu aliendesha pikipiki maisha yake yote na anasikia.

Amewahi kupimwa? Mara nyingi jibu ni hapana, na ukifika nyumbani televisheni inasikika kwa jirani. Narudia, hata kwa mzee: halizoei.

Nimeamka sikio moja limezimika. Nahisi ni uchovu wa safari. Nisubiri?

Usisubiri hata siku moja. Sikio linalozimika ghafla, hasa moja, ni dharura, hata kama hakuna maumivu. Kelele huenda isiwe sababu kabisa. Dawa za steroidi zinaweza kusaidia zikianzwa ndani ya siku chache za mwanzo, na baada ya wiki mbili nafasi inakuwa finyu sana. Watu wanatuletea sikio la mwezi mzima. Wameshalitia mafuta ya kitunguu saumu, wameshalichokonoa kwa ufunguo na njiti ya kiberiti, wameshanunua antibaotiki dukani bila kuangaliwa. Usitie chochote. Kama ni Jumamosi na kliniki ni Jumatatu, nenda dharura Jumamosi hiyo hiyo, useme: "Sikio langu lilikuwa zima jana, leo halisikii." Panda daladala, pikipiki iache nyumbani.