Kauri "inapatana na mwili": inapatana wapi, na kwa kazi gani?

Hili neno upatanifu wa kibayolojia sasa linatumika ovyo. Hapa Malindi ukiulizia jino la zirkonia, aina ya kauri (kitu kigumu kilichochomwa kwa joto kali), waambiwa "hii inapatana na mwili" halafu maongezi yameisha, na Lamu nako nimemsikia mtu akieleza kwa uhakika kabisa kwamba matumbawe yanafaa kutiwa kwenye mfupa kwa sababu ni kitu cha asili, mwili hauwezi kuyakataa. Yote mawili yana kipande cha ukweli ndani yake, lakini kipande tu.

Maana yenyewe ni fupi. Upatanifu ni uwezo wa kitu kufanya kazi yake ndani ya mwili huku mwili ukiitikia kwa namna inayofaa, kwa matumizi maalum. Ndo maana aliyoiandika David Williams, mtaalamu wa vitu vinavyotiwa mwilini, 1987 na hadi leo ndo watu wa fani wanaianzia hapo.

Sasa soma tena hayo maneno ya mwisho, matumizi maalum, kwa sababu hapo ndo watu wanaporuka. Upatanifu si sifa ya kauri peke yake kama vile rangi au uzito. Ni habari ya kitu kilichokamilika, mahali fulani mwilini, kwa kazi fulani, kwa muda fulani. Ukisema "zirkonia inapatana na mwili" sentensi haijaisha. Taji la jino linakaa juu ya jino, kichwa cha nyonga kinabeba uzito wa mtu mzima kila anapopiga hatua, na hata vipimo vyao havilingani: viwango vya kimataifa vya kupima vifaa vya tiba, ISO 10993, vinatenganisha kitu kinachogusa mwili kwa saa 24 au chini, kinachokaa hadi siku 30, na kinachozidi hapo.

Na "haitakataliwa" nayo inapotosha. Kukataliwa ni habari ya figo au ini la mtu mwingine, kinga ya mwili inalitambua kuwa geni na kulishambulia. Kauri haina chembe hai za mtu yeyote, lakini mwili hauipuuzi. Alumina, kauri ya oksidi ya alumini ambayo daktari mpasuaji Pierre Boutin wa Ufaransa aliitia kwenye nyonga tangu 1970, mara nyingi inazungushiwa utando mwembamba wa nyuzinyuzi na kuachwa. Kioo alichokibuni Larry Hench Marekani 1969 kinafanya kinyume, kinajenga juu yake tabaka la madini yanayofanana na ya mfupa, mfupa unashikana nacho kabisa. Kuna na kauri za kalsiamu fosfeti zinazoyeyuka pole pole mfupa mpya ukichukua nafasi yake. Miitikio mitatu tofauti na yote inaweza kuitwa upatanifu, inategemea ulitaka nini. Kinachoyeyuka ukikiweka mahali pa kubeba mzigo miaka 20 umekosea, hata kama hakina tone la sumu.

Upande wa vipimo, kile watu wanachokitaja sana ni cha sumu kwa seli. Kauri inalowekwa kwenye maji ya kukuzia seli, kawaida nyuzi joto 37, maji yale yanapewa seli, uhai wake ukishuka zaidi ya asilimia 30 inahesabiwa kuna sumu. Ni kipimo cha lazima na kizuri, lakini ni mlango wa kuingilia tu, baada yake kuna mzio, kuna kupandikizwa kwa wanyama, kuna kuangalia kauri inamomonyoka kuwa nini. Tena kinaweza kudanganya kwa upande wa pili: kile kioo cha Hench kinatoa sodiamu, maji ya kwenye sahani ya maabara yanakuwa na alkali nyingi na seli zinaumia, wakati mwilini damu inazunguka na kusawazisha. Halafu kauri ile ile ikiwa kipande kizima imetulia, ikisagika kuwa vumbi, seli za kinga zinajaribu kulimeza na uvimbe unaweza kuanza.

Ndugu yangu wa matumbawe, mifupa ya matumbawe ni kalsiamu kaboneti, na kweli yanatumika, 1974 ilionyeshwa kwamba yanaweza kugeuzwa haidroksiapatiti, aina ya kalsiamu fosfeti inayofanana na madini ya mfupa, kwa joto na mgandamizo bila kupoteza vitundu vyake. Hivyo vitundu ndo mali yenyewe, mfupa na mishipa ya damu inaingia humo. Lakini kwanza yanasafishwa mabaki yote ya mnyama, yanatakaswa, ndo yanapimwa kama kitu kingine chochote. Uasili haujayapa cheti.

Kwa hiyo usiseme haipatani, sema tu inapatana kama nini, wapi, na kwa muda gani. Na huyo anayekuuzia jino muulize kwa upole: imepimwa ikiwa taji, au ikiwa mzizi unaoingia kwenye taya?