Makovu ya ubongo yasiyo na dalili: mzee aanze na presha, MRI baadaye

Kila inapokaribia Oktoba 29, Siku ya Kiharusi Duniani, kliniki yetu ya mishipa ya fahamu hupokea wazee wengi kuliko kawaida. Mwaka huu wengi wameletwa na watoto wao kwa ombi moja: baba apigwe MRI ya kichwa, yaani picha ya ubongo inayopigwa kwa mashine ya sumaku, maana wamesikia mtu aweza kupata kiharusi asijue. Walichosikia ni kweli. Wanachoomba, kwa walio wengi, sicho wanachohitaji.

Presha ikikaa juu kwa miaka, kuta za mishipa midogo iliyo ndani kabisa ya ubongo hukakamaa na kunenepa, na njia ya damu huzidi kuwa nyembamba. Mshipa mmoja ukiziba, sehemu ndogo ya ubongo, aghalabu ya milimita 3 hadi 15, hufa na kuacha kovu. Kama sehemu hiyo haiendeshi mkono wala ulimi, hakuna anayegundua. Huko Rotterdam, Uholanzi, watafiti waliwapiga picha za ubongo watu 1,077 wenye umri wa miaka 60 hadi 90, na takriban mmoja kati ya watano alikutwa na makovu hayo. Walipofuatiliwa kwa miaka kadhaa, hatari ya kupata kiharusi cha wazi kwa wenye makovu ilikuwa zaidi ya mara tatu ya wenzao, na hatari ya ugonjwa wa kusahau uzeeni ilizidi mara mbili.

Familia nyingi huona mabadiliko, ila huyaita uzee. Bibi anatembea kwa hatua fupi, anaanguka bila kujikwaa, hesabu za duka zinampotea, amekuwa mzito wa kujibu. Tafadhali mleteni mapema. Tunapokea wazee waliokwisha kuzungushwa miezi mingi kwa waganga kwa madai ya kutupiwa jini, presha yao ikiwa haijapimwa hata mara moja. Jambo hilo linatusikitisha, kwa kuwa mashine ya kupimia ipo hata zahanati. Na kiharusi si ugonjwa wa Wazungu: utafiti wa Hai na Dar es Salaam wa mwaka 2003 hadi 2006 ulikuta, baada ya kurekebisha tofauti za umri, wagonjwa wapya wapatao 109 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka wilayani Hai, na 316 Dar es Salaam.

Upimaji wenyewe una utaratibu. Mzee asinywe kahawa wala kuvuta sigara nusu saa kabla. Aende haja ndogo kwanza. Akae dakika tano, mgongo umeegemea, miguu imekanyaga chini bila kupishana, mkono usawa wa moyo, na asiongeleshwe. Apimwe mara mbili kwa kupishanisha dakika moja, kisha apimwe tena akiwa amesimama, maana kwa wazee presha huweza kushuka ghafla wakisimama, wakaanguka. Ikiwa 140/90 au zaidi siku tofauti, hiyo ni presha ya kutibiwa, hata kama hasikii kichwa kuuma. Tumeshaeleza mara nyingi: dawa ya presha haiachwi kwa sababu mtu anajisikia vizuri. Anajisikia vizuri kwa kuwa presha kwa kawaida haiumi.

Sukari, sigara na mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio navyo vichunguzwe siku hiyo hiyo.

MRI huagizwa na daktari akiona sababu, kama vile mwendo au kumbukumbu iliyobadilika. Njoo na barua ya rufaa, majibu ya vipimo vya awali na kadi ya bima ya mgonjwa mwenyewe. Kutumia kadi ya ndugu ni kosa; kadi huzuiwa na mhusika aweza kushtakiwa. Toa taarifa mapema kama mzee ana kifaa cha kuendesha moyo au chuma mwilini. Meno ya bandia, pini, shanga na hirizi zenye chuma vyote huvuliwa mlangoni.

Kovu likionekana, msikimbilie duka la dawa kununua aspirini. Utafiti mkubwa wa wazee wenye afya nzuri nchini Australia na Marekani, uliotolewa mwaka 2018, ulionyesha kuwa aspirini ya kila siku iliwaongezea kuvuja damu bila kuwapa kinga ya maana ya moyo na mishipa. Kwa mwenye makovu, daktari wake ndiye atakayepima faida na hatari.

Jambo la mwisho huchanganywa mno. Mdomo uliokwenda upande, mkono uliolegea au maneno yaliyokwama, hata kama vimerudi sawa baada ya dakika kumi, si kiharusi kisicho na dalili. Ni dharura, kwani kiharusi kikubwa chaweza kufuata ndani ya siku chache. Usimpe chakula, maji wala dawa yoyote. Andika saa dalili zilipoanza, kwa kuwa dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, panapokuwa nayo, hutolewa ndani ya saa nne na nusu, kisha mpeleke hospitali saa hiyo hiyo.