"Incompetent" mahakamani si tusi

Wengi wakisikia neno la Kiingereza "incompetent" huelewa jambo moja tu: mtu asiyeweza kazi. Basi jaji akisema rufaa ni "incompetent", mkata rufaa hudhani wakili wake ametukanwa, au madai yake yamekataliwa. Sivyo hata kidogo.

Kisheria, rufaa hiyo imekosa sifa ya kusikilizwa; pengine waraka wa lazima haukuambatishwa. Madai yenyewe hayajaguswa. Mwaka 1959, katika shauri la chama cha ushirika cha Ngoni-Matengo, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilieleza kwamba rufaa ya namna hiyo huondolewa tu, haitupiliwi mbali. Kwa hiyo anayepigania shamba lake asikate tamaa: amuulize wakili utaratibu wa kurekebisha kasoro na kurudi.

Nje ya mahakama neno ni kali kweli, kwa kuwa linahukumu uwezo wa mtu katika kazi yake. Kama hukuweza kufika kikaoni kwa sababu ya homa, andika "I was unable to attend". Ukiweka "incompetent" hapo, unajishushia hadhi bure.