Wati 650 za Kwenye Stika

Mwezi huu peke yake nimefungua kompyuta nne zilizoletwa na maelezo yaleyale: "Fundi, kadi ya grafiki niliyouziwa ni mbovu. Nikiingia kwenye gemu dakika kumi tu, mashine inazima." Kadi zote nne zilikuwa nzima. Nilizichomeka kwenye mashine yangu ya majaribio, nikazipa kazi nzito kwa saa nzima, hakuna hata moja iliyotetereka. Ubovu ulikuwa kwenye pawasaplai, kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kompyuta, na kila mwenye mashine alinijibu kwa maneno ambayo nimechoka kuyasikia: "Lakini kaka, pawasaplai yangu imeandikwa wati 650. Si inatosha?"

Haitoshi. Ile namba kubwa iliyochapwa ubavuni haikuambii umeme unaofika kwenye kadi. Pawasaplai inatoa volti 12, volti 5 na volti 3.3, na kiwandani wanazijumlisha zote kwenye namba moja. Kadi ya grafiki huchukua karibu umeme wake wote kwenye laini ya volti 12, na prosesa vilevile. Kwa hiyo geuza pawasaplai, tafuta jedwali dogo kwenye stika, soma ampea zilizoandikwa chini ya +12V, kisha zidisha kwa 12. Hiyo ndiyo namba yako.

Ya mteja wa mwisho ilikuwa na ampea 24. Mara 12 ni wati 288. Kadi yake ilikuwa RTX 3080, ambayo peke yake inakula wati 320, kabla prosesa haijapata kitu. Wati nyingine za kufikisha 650 wamezijaza kwenye volti 5 na 3.3, ambako kompyuta ya leo haina kazi nazo kubwa. Mgawanyo wa namna hiyo ulikuwa na maana zamani, prosesa zilipokuwa zinalishwa kutoka volti 5, kabla Pentium 4 haijaja mwaka 2000 na plagi yake ya pini nne ya volti 12. Pawasaplai ya wati 750 iliyotengenezwa vizuri utaikuta imeandikwa ampea 62 hivi kwenye +12V, yaani wati 744. Karibu nguvu yake yote iko pale inapohitajika. Na ukikuta stika ina 12V1 ampea 18 na 12V2 ampea 18, usizijumlishe ukapata 36. Tafuta mstari unaotaja wati za juu kabisa za laini hizo zikifanya kazi pamoja, na kama mstari huo haupo, irudishe dukani.

Hapo mteja huniambia, "Mbona inawaka vizuri na YouTube inacheza?" Itawaka, kwa sababu kadi ikiwa imetulia inakula wati chache mno. Ukifungua gemu au ukianza kurenda, yaani kuiacha kompyuta itengeneze video ya mwisho, inaruka hadi 320, na hairuki kwa utulivu. Kwa muda mfupi kuliko sehemu moja ya elfu ya sekunde inaweza kupanda mbali juu ya kiwango chake, ikashuka, ikapanda tena. Mita ya ukutani haitakuonyesha mipando hiyo, lakini pawasaplai inaihisi. Ndiyo maana kiwango cha utengenezaji wa pawasaplai kiitwacho ATX 3.0, kilichotoka 2022, kinataka pawasaplai za kadi kubwa zivumilie mara mbili ya nguvu zake kwa mikrosekunde 100, yaani sehemu 100 kati ya milioni moja za sekunde. Pawasaplai nzuri ikizidiwa inajikata, mashine inazima, unaudhika lakini hujapoteza kitu. Ile ya bei ya chee mara nyingi haina kinga hiyo. Inaendelea kusukuma mpaka inaungua.

Nimeshaona ikiungua. Kijana mmoja anayehariri video za harusi alikuwa anarenda usiku ili akabidhi kazi asubuhi. Pawasaplai iliondoka na mazabodi (bodi kuu) na diski kuu. Kadi aliyokuwa anaihofia ndiyo iliyopona. Video ya sendofu ya watu ilikuwa kwenye diski ile, na hakuwa na nakala. Nilikaa naye dukani asubuhi yote tukijaribu kuifufua, na kila nikikumbuka uso wake namwambia mteja anayefuata: nunua pawasaplai kwanza, kadi itafuata hata baada ya miezi mitatu.

Kuna wanaokosea upande wa pili. Wanasoma "wati 750" kwenye boksi la RTX 3080 wakaamini kadi inakula zote. Ile ni nguvu inayopendekezwa kwa kompyuta nzima. Hesabu yangu ni hii: chukua wati za kadi, ongeza za prosesa ikifanya kazi kwa nguvu zote, ongeza 80 za bodi, diski na feni, kisha gawa kwa 0.8 ili pawasaplai isifanye kazi ikiwa imekabwa. RTX 3080 na prosesa ya Core i7-12700K ni 320 na 190 na 80, jumla 590. Ukigawa unapata kama 737. Nunua 750. Mwenye RTX 3060 ya wati 170 na prosesa ya kawaida anatosheka na 550 ya kweli, asidanganywe kununua 1000.

Ingawa hata hiyo 1000 haimalizi LUKU, kama wengi wanavyoniambia. Pawasaplai haivuti wati zilizoandikwa. Inavuta zinazotakiwa, pamoja na kidogo kinachopotea kama joto. Vifaa vikihitaji wati 400, na pawasaplai ina ufanisi wa asilimia 90, ukutani zinatoka kama 444, iwe imeandikwa 650 au 1000. Ukicheza saa nne mfululizo ni uniti 1.8 hivi. Pawasaplai duni ya asilimia 75 itavuta 533 kwa kazi ileile. Kinachokulia uniti ni ile ya bei ya chee.

Nembo ya 80 Plus Gold inayobandikwa kwenye pawasaplai nayo inapima ufanisi huo tu: asilimia 90 kwenye mzigo wa nusu, kwa kipimo cha volti 115, wakati Bronze ni 85. Haikuhakikishii kinga wala ubora wa kapasita, zile sehemu za ndani zinazotuliza umeme. Nanunua Bronze ya jina ninaloliamini kabla ya Gold nisiyoijua.

Wenye Dell OptiPlex za mtumba, nawaomba sana. OptiPlex 9020 ya mnara ina pawasaplai ya wati 290 na haina waya wa kadi. Adapta ile inayogeuza plagi ya SATA, yaani ya kulishia diski, kuwa ya pini sita isiingie ndani ya mashine yenu: plagi ya SATA imeundwa kupitisha wati 54 kwenye volti 12, na plagi ya pini sita inaruhusiwa kuvuta 75. Nimeona plastiki iliyoyeyuka. Tafuteni GTX 1650 isiyo na plagi, inayolishwa na sloti ya bodi inapochomekwa peke yake, wati 75, na muishie hapo.

Nyaya za pawasaplai zinazochomoka haziingiliani kati ya kampuni na kampuni, hata plagi ikiingia kwa ulaini. Mpangilio wa pini upande wa pawasaplai hauna kiwango kimoja, na ukikosea unapeleka volti 12 mahali pa volti 5, diski inakufa hapohapo. Kadi yenye plagi mbili za pini nane ipewe waya mbili tofauti. Usiilishe kwa waya mmoja wenye vichwa viwili. Na ile plagi mpya ya pini 16 ya RTX 4090, sukuma mpaka isibaki nafasi yoyote. Nyingi zilizoyeyuka zilikuwa hazijaingia mpaka mwisho.

Kama pawasaplai yako haitoshi na hela haijapatikana, fungua programu ya MSI Afterburner ushushe kikomo cha nguvu cha kadi hadi asilimia 70 au 80. Utapoteza fremu chache kuliko unavyodhani. Kisha nitumie picha ya jedwali la stika, upande wenye ampea, kabla hujaenda kugombana na aliyekuuzia kadi.