Vinundu vya sakoidosisi si ukoma

Katika vijiji vya Mbeya na Iringa, kama kwingineko, mtu anayeota vinundu vyekundu au vya zambarau puani na mashavuni huanza kutengewa sahani na kikombe, kwa imani ya siku nyingi kwamba vinundu vya namna hiyo ni ukoma. Huenda vikawa sakoidosisi, ugonjwa usioambukiza, ambao chembe za kinga ya mwili hujikusanya na kufanya vifundo vidogo kwenye ngozi, mapafu au macho. Hata kovu la zamani la chale linaweza kuvimba upya na kuwa gumu likiguswa, jambo ambalo wengi hukimbilia kuliita kurogwa.

Baka la ukoma kwa kawaida hufa ganzi, lakini jibu la uhakika hutokana na kukata kipande kidogo cha ngozi na kukipima kwa hadubini. Kifua nacho hupigwa picha, na macho huchunguzwa.

Vinundu vichache visivyosumbua vinaweza kuachwa chini ya uangalizi, au vikapakwa krimu kali ya steroidi, yaani dawa ya kutuliza uvimbe, au vikachomwa sindano ya dawa hiyo palepale. Vikisambaa, daktari huweza kutoa haidroksiklorokwini, methotreksati au prednisoloni. Hii ya mwisho haianzwi kabla kifua kikuu hakijachunguzwa, kwa kuwa hushusha kinga. Krimu za kujichubua za sokoni, ambazo baadhi zina steroidi, si tiba hiyo: huikondesha ngozi na kuficha dalili.