Mazuku, jua na mafuta

Nikitaja kazi yangu hapa Goma, ya kutafiti namna ya kugeuza hewa ukaa kuwa mafuta, swali huwa lile lile: kumbe haya mazuku yanaweza kugeuzwa mafuta? Yanaweza. Ila kuna deni la kulipa kwanza.

Mazuku ni hewa ukaa inayotoka ardhini na kutuama mabondeni, kama kule Bulengo, maana ni nzito kuliko hewa tunayovuta. Chini ya Ziwa Kivu iko nyingine, takriban kilomita za ujazo 300, pamoja na methani kama 60. Watu huzichanganya hizi mbili. Methani inawaka, majirani zetu wa Rwanda wanaifua umeme. Hewa ukaa haiwaki kwa sababu imekwisha kuungua: ni sawa na jivu lililobaki kwenye mbabula. Kuifanya iwake tena ni kuirudishia nishati yote iliyoitoka, na ziada.

Nishati hiyo tunaiomba jua. Chukua titani dioksidi, unga mweupe unaotiwa kwenye rangi za ukuta, uchanganye na maji, pitisha hewa ukaa, kisha mulika. Mwanga ukiupiga unga, elektroni, chembe ndogo sana yenye chaji ya umeme, inaruka na kuacha pengo. Pengo linayanyang'anya maji elektroni, oksijeni inatoka. Ile iliyoruka inakwenda kwa hewa ukaa. Mwanasayansi Fujishima na wenzake walilionyesha hilo Japani mwaka 1979, wakapata metanoli, aina ya alkoholi inayowaka, na methani. Kidogo sana, lakini. Unga huo hutumia urujuanimno tu, mwanga usioonekana kwa macho, kama asilimia 5 ya mwanga wa jua. Tena molekuli moja ya methani inadai elektroni 8, na nyingi hurudi kwenye mapengo zikiwa bado njiani.

Mtu akijisifu kwamba kichocheo chake, yaani unga kama huo, kinatoa methani, muulize kaboni imetoka wapi. Unga usiosafishwa vizuri hubaki na uchafu wa viyeyusho, vimiminika vilivyotumika kuutengeneza, mwanga ukiuvunja nao hutoa methani. Ndiyo maana tunatumia hewa ukaa yenye kaboni-13, kaboni nzito kidogo kuliko ya kawaida, kisha tunapima: methani yenye uzito wa 17 badala ya 16 imetoka kweli kwenye hewa ukaa. Jaribio lirudiwe gizani pia, kuhakikisha ni mwanga kweli unaofanya kazi. Ripoti isiyo na vipimo hivyo mimi huifunga palepale.

Binafsi, moyo wangu uko kwa shaba. Tangu miaka ya 1980 Hori, mwanakemia wa Japani, alionyesha kwamba shaba ikipewa umeme ndani ya maji hugeuza hewa ukaa kuwa methani na ethilini, gesi nyingine inayowaka. Ningepewa fedha leo, ningefunga paneli za sola juu ya paa na kipande cha shaba ya Katanga ndani ya chombo. Unga ungesubiri.